Levire ya mukate: namna ya kuipima, na kitu cha kutia kama haipo



Leo sikuja kusema juu ya shamba. Nimekuja kusema juu ya mukate. Najua wengine watacheka na kuuliza: moniteri wa mashamba anatafuta nini katika beseni ya mama? Lakini unga wa mihogo yenu unaweza kuingia katika mukate. Tena mukate ukiharibika, unga na franka vinapotea pamoja. Ndiyo maana nimeomba ruhusa kwa wazee niseme.

Munaona wenyewe mambo ya huku kwetu, karibu na migodi ya Kolwezi, Likasi, Kambove na Fungurume. Asubuhi mapema, mbele wachimbaji hawajashuka katika mashimo, wamama wanakaa kando ya njia na beseni za mikate. Muchimbaji hana wakati wa kungojea bukari. Ananunua mikate miwili au mitatu, anakunywa chai, anakwenda. Mama huyu amenunua unga, sukari, mafuta na makala, vyote kwa franka. Faida yake kwa kila mukate ni ndogo sana. Siku moja mikate ikikataa kuvimba, au ikiwa na ladha ya sabuni, hakuna anayeinunua, na faida ya siku nyingi imekwisha. Mutoto wake wa sekondari anarudishwa nyumbani kwa sababu franka za masomo hazikuonekana. Basi kijiko kimoja cha levire si jambo dogo.

Mukate wa ngano si chakula cha mababu zetu. Uliingia kwetu pamoja na misioni na makambi ya kazi, ile miaka baada ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906. Kwa hiyo majina ya vitu vyake yalikuja kwa Kifaransa, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Mama akifika magazini anasema: «Nipe levire.» Mwenye magazini anampa paketi. Lakini vitu viwili vinaitwa levire, navyo havifanani hata kidogo.

Levire ya kwanza ni ile ya waokaji. Juu ya paketi wameandika «levure boulangère», ao «levure de boulanger». Ni punje ndogondogo za rangi ya mchanga, ao kipande laini chenye kunuka kama pombe. Levire hii ina uzima. Ni vitu vidogo sana ambavyo jicho halivioni, vinavyokula sukari ya unga na kutoa hewa. Louis Pasteur, mwalimu mukubwa wa Ufaransa, alionyesha jambo hili katika miaka iliyofuata 1857: kuchacha ni kazi ya vitu vyenye uzima. Kwa kuwa ina uzima, inahitaji maji, joto kidogo, na wakati. Ukiiunguza inakufa. Ukiiharakisha haikusikii.

Levire ya pili juu ya paketi yake wameandika «levure chimique». Hii ni unga mweupe, haina uzima. Ndani yake kuna bikarbonati, na kitu kikavu chenye ukali, na wanga kidogo wa kuzuia unyevu. Ikilowana na kupata joto, bikarbonati na ule ukali vinapigana, na hewa inatoka. Kazi yake inakwisha upesi. Haingojei usiku.

Sasa fikirini mama anayezoea levire ya uzima. Siku moja amepewa paketi ya levire chimique. Anakanda unga jioni, anafunika beseni, analala. Usiku kucha hewa inatoka bure. Asubuhi unga uko vilevile, mzito kama udongo wa kufyatulia matofali. Anasema: «Mutu amenitupia jicho.» Hapana, mama. Paketi tu. Asiyejua kusoma amwombe mutoto wake asome neno la pili juu ya paketi, si la kwanza. Neno la kwanza, «levure», halisaidii kitu.

Tuje kwa kipimo, kwa sababu hapo watu wengi wanapoteza.

Katika soko letu kipimo ni mukebe. Si vibaya. Lakini mukebe wa nani, na umejazwa namna gani? Unga ukimwagwa polepole katika kikombe cha kawaida, kikombe kinachukua gramu 120. Ukipigapiga kikombe juu ya meza na kushindilia kwa mukono, kikombe kilekile kinachukua gramu 150 na zaidi. Mwenye kuuza anajua sana jambo hili, sitasema zaidi. Lakini wewe nyumbani usijidanganye mwenyewe. Mwaga unga polepole, halafu pitisha mgongo wa kisu juu ya mdomo wa mukebe, unga unaozidi uanguke. Fanya hivyo kila siku, namna moja tu.

Kujua mukebe wako unachukua gramu ngapi, fanya hivi. Nunua mara moja paketi ya unga ya kilo 1 ambayo haijafunguliwa. Uipime kwa mukebe wako, ukihesabu. Kama imejaza mikebe 6, basi mukebe mumoja ni karibu gramu 167. Kama imejaza 8, mukebe ni gramu 125. Piga alama juu ya mukebe kwa musumari, usiukopeshe mutu.

Asiye na paketi ya kilo atengeneze mizani. Tafuta fimbo iliyonyoka, uifunge kamba katikati, uitundike. Kila upande tundika mukebe, mikebe miwili inayofanana, kwa kamba za urefu mumoja. Fimbo ikilala sawasawa, mizani ni ya haki. Maji ya nusu lita ni gramu 500. Basi upande mumoja weka chupa tupu, upande wa pili chupa ya namna ileile yenye nusu lita ya maji. Katika upande wa chupa tupu ongeza unga mpaka fimbo ilale sawa. Unga ule ni gramu 500. Katika masomo tulifundishwa mizani kwa picha ubaoni. Ya fimbo hii inafanya kazi ileile.

Kwa levire na chumvi mizani ya fimbo haifai, ni vitu vyepesi mno. Hapo tunatumia kijiko. Kijiko kidogo cha chai cha kupimia kinachukua mililita 5, na kijiko kikubwa mililita 15, maana yake vidogo 3. Lakini musifikiri kwamba kijiko kimoja ni uzito mumoja kwa kila kitu. Kijiko kidogo kilichosawazishwa kwa kisu kinachukua karibu gramu 3 za levire kavu ya punje, karibu gramu 4 za levire chimique, karibu gramu 5 za bikarbonati, na karibu gramu 6 za chumvi. Kijiko kile kile, uzito mine. Tena kijiko chenye kilima juu yake kinaweza kuchukua mara mbili. Mutu akikuambia «tia kijiko», muulize: kimesawazishwa ao kina kilima?

Kama vijiko vya nyumbani kwako havina ukubwa wa kawaida, iko njia nyingine. Paketi ndogo ina uzito wake umeandikwa juu. Nyingi zina gramu 11, nyingine 7 ao 10, soma kwanza. Mwaga yote juu ya karatasi safi, uilinganishe iwe mustari mumoja, uigawe nusu kwa kisu. Nusu ya gramu 11 ni gramu 5 na nusu. Gawa tena, ni karibu gramu 3. Kile utakachobakiza ukifunge vizuri katika karatasi ya plastiki, ukiweke pakavu, kitumike upesi. Levire iliyofunguliwa inakufa polepole, na katika majira ya mvua inakufa haraka zaidi.

Sasa kipimo chenyewe. Kwa unga wa ngano kilo 1: levire kavu ya mara moja gramu 10, ni vijiko vidogo 3 na kidogo juu yake, chumvi vijiko vidogo 3, maji nusu lita na kikombe kidogo, karibu mililita 600 kwa mukate wa kuoka. Kwa mikate ya kukaanga katika mafuta maji yanazidi, unga uwe laini wa kuchotwa kwa mukono. Sukari kama mupendavyo, lakini sukari nyingi sana inachelewesha levire.

Levire ya waokaji yenyewe ina namna tatu. Ile ya mara moja inachanganywa na unga mukavu. Ile ya punje kubwa zaidi lazima iamushwe kwanza katika maji ya vuguvugu. Na ile mbichi ya kipande, inayokaa katika frigo. Gramu 10 za ile ya kwanza ni sawa na gramu 12 ao 13 za ile ya pili, na gramu 30 za ile mbichi. Mutu anayebadilisha moja kwa nyingine bila kubadilisha uzito asishangae.

Maji ya vuguvugu ni nini? Kikombe 1 cha maji yanayochemka na vikombe 3 vya maji ya kisima vinatoa maji ya karibu digri 40. Ukitia kifundo cha mukono ndani husikii moto wala baridi. Maji ya moto kabisa, yanayochoma kidole, yanaua levire, na hakuna dawa ya kuifufua.

Kama una mashaka na levire yako, usiihatarishe pamoja na kilo 5 za unga. Tia kijiko kidogo cha levire na kijiko kidogo cha sukari katika nusu kikombe cha maji ya vuguvugu. Ngoja dakika 10. Kukiwa na povu juu, iko uzima. Maji yakikaa kimya, imekufa, na umepoteza kijiko kimoja tu.

Katika mwezi wa 6 na wa 7, munajua baridi ya Katanga, unga hauvimbi kwa saa moja kama katika mwezi wa 10. Usiongeze levire mara mbili kwa hasira. Funika beseni kwa blanketi, uiweke mahali penye joto, ungoje saa mbili ao tatu. Tia kidole chenye unga ndani ya donge: shimo likirudi polepole, iko tayari, likirudi mara moja, bado, lisiporudi kabisa, umechelewa. Lakini nisikilizeni vizuri hapa, wamama: musiingize babula yenye makala katika nyumba iliyofungwa, ili unga uvimbe usiku. Hewa ya makala haina harufu, inaua watu wakiwa wamelala. Acheni unga uvimbe polepole.

Sasa levire imekwisha magazini, ao njia imekatwa na mvua, ao bei imepanda. Tufanye nini?

Njia ya kwanza ni ya zamani kuliko zote: donge la jana. Katika Evangelio mwanamuke mumoja anachanganya chachu na vipimo vitatu vya unga. Hakuwa na paketi. Chachu yake ilikuwa kipande cha donge la siku zilizopita. (Tena vipimo vile vitatu vilikuwa karibu lita 40 za unga. Mama yule alikuwa anapika kwa mugini muzima.) Leo ukikanda, kata kipande, ukiweke katika chungu kidogo kilichofunikwa, mahali pa baridi. Kesho kwa kilo 1 ya unga tia gramu 300 za donge lile, kama ngumi mbili, ulilainishe kwanza katika maji. Halitafanya kazi kwa haraka. Kanda jioni, oka asubuhi. Mukate utakuwa na uchachu kidogo, na wengi wanaupenda hivyo. Kama hupiki kila siku, lilishe donge kwa unga na maji kidogo. Likigeuka rangi nyekundu ao kuota nywele, litupe.

Njia ya pili ni malafu. Malafu mabichi ya muchikichi yana levire ndani yake, jamaa moja na ile ya paketi. Huku juu Katanga michikichi si mingi, lakini walio karibu na mabonde wanaipata. Kwa kilo 1 ya unga, badala ya maji yote, tia nusu malafu na nusu maji, uongeze chumvi, ungoje saa 4 mpaka 8. Sisemi saa moja hasa, kwa sababu malafu ya asubuhi si malafu ya jioni, na mugema mumoja si kama mwenzake. Basi jaribuni kwanza: kikombe kimoja cha malafu na kikombe kimoja cha unga, mukoroge, mufunike. Katika saa tatu kikipanda karibu mara mbili, malafu yale yanafaa. Kisipopanda, kunyweni malafu, musitie katika mukate. Masapo mazito ya chini ya chungu cha pombe ya mutama ao ya mahindi yanafanya kazi ileile, kwa jaribu lilelile. Lakini lutuku haifai hata tone. Lutuku imepitishwa katika moto, mvuke wake umekusanywa. Levire haikupita katika bomba lile.

Njia ya tatu ni bikarbonati. Hapa lazima tuwe na akili, maana watu wengi wanafikiri inachukua nafasi ya levire kijiko kwa kijiko. Hapana. Bikarbonati peke yake ni nusu ya jambo. Inahitaji kitu chenye ukali: maziwa yaliyoganda, maji ya ndimu, siki. Bila ukali, hewa ni kidogo, na bikarbonati inayobaki katika mukate inatoa ladha ya sabuni na rangi ya manjano. Tena inaharibu vitamini ya unga, ile wanayoita B1.

Kwa unga wa gramu 500, tia kijiko kidogo kimoja cha bikarbonati kilichosawazishwa, na nusu kijiko kikubwa cha chumvi ao pungufu, vichanganywe vizuri katika unga mukavu. Halafu mimina maziwa yaliyoganda karibu mililita 350 mpaka 400. Usikande sana. Changanya, tengeneza, tia katika moto mara moja, kwa sababu hewa inatoka sasa hivi.

Na asiye na maziwa? Wengi wetu hatuna ng'ombe. Lakini tuko na munkoyo! Munkoyo uliokaa siku moja ao mbili una ukali mwingi, ukali wa namna moja na ule wa maziwa yaliyoganda. Musidanganyike kwa sababu una povu: levire yake ni kidogo na si ya kutegemea, hauvimbishi mukate vizuri peke yake. Lakini kama ukali wa kupiga bikarbonati, unafaa. Uchuje, utie mahali pa maziwa. Vilevile malafu ya juzi, yale yaliyokwisha kuwa makali mno kwa kunywa, yamegeuka siki. Hayavimbishi tena kwa uzima wake, lakini yanapiga bikarbonati. Kwa hiyo chombo kilekile cha malafu, leo ni levire, keshokutwa ni siki, na kazi yake imebadilika.

Kama umezoea levire chimique na imekwisha, kwa kila kijiko kidogo kimoja cha levire ile tia robo ya kijiko kidogo cha bikarbonati na kijiko kikubwa kimoja cha maji ya ndimu ao siki, ukipunguza maji mengine kwa kiasi kile. Bikarbonati ina nguvu karibu mara ine, ndiyo maana robo. Mutu akitia kijiko kwa kijiko, anapika sabuni. Huko Uingereza mwaka 1843 Alfred Bird, mutu wa dawa katika mji wa Birmingham, alitengeneza unga wa kuvimbisha kwa sababu muke wake hakuweza kula mukate wenye levire. Yeye naye alikuwa anatafuta badala, kama ninyi.

Wazee watauliza juu ya chumvi ya majivu. Ni kweli, maji ya majivu yaliyochujwa na kukaushwa yanatoa povu yakikutana na ndimu, na watu wa Amerika waliyatumia zamani katika mikate. Lakini nguvu yake inabadilika kwa kila muti na kila majivu, hatuwezi kuipima kwa kijiko. Iacheni kwa mboga.

Sasa neno zito kuliko yote niliyosema.

Katika viwanda vya shaba na kobalti wanatumia chokaa nyingi, na soda ya namna mbalimbali, na unga mwingine wa kutenga madini na mawe. Mingi ni meupe. Mufuko ukitoboka, ao kijana akileta kidogo nyumbani kwa kusema «ni soda», jina ni moja, kitu si kimoja. Soda ya kuchoma, ile wanayoandika «soude caustique», inaunguza mdomo na koo, na mutoto aliyeimeza anaweza kufa ao kuishi bila kuweza kumeza chakula. Musiseme: «Tutaijaribu kwa ndimu, ikitoa povu ni ya chakula.» Chokaa ya zamani inatoa povu. Soda ya kufulia inatoa povu. Povu haisemi kwamba kitu ni chakula. Linalosema ni paketi iliyofungwa, yenye neno «bicarbonate» na neno «alimentaire», iliyonunuliwa kwa mutu munayemujua. Unga mweupe usio na paketi, hata ukipewa bure, usiingie nyumbani. Na mutu akimeza soda ya kuchoma, musimutapishe. Asukutue mdomo kwa maji, mumupeleke hospitali upesi pamoja na mufuko ule, munganga aone jina.

Vilevile mapipa na bidoni na mifuko ya kiwanda. Najua ni mizuri, ni migumu, ina mifuniko. Musikande ndani yake wala musiweke unga. Kuosha hakutoshi.

Kwa upesi, juu ya mihogo, maana niliahidi. Katika kilo 1 ya unga munaweza kuondoa gramu 100 mpaka 150 za ngano na kutia unga wa mihogo. Zaidi ya gramu 200 mukate unalala, kwa sababu mihogo haina ile nguvu ya kuvuta kama mpira inayoshika hewa ndani ya ngano. Mahindi nayo haina. Kuongeza levire hakusaidii: hewa inakuja, lakini nyumba yake haina kuta. Unga wa mihogo uwe mweupe, mukavu, umechekechwa, na mihogo michungu iwe imelowekwa siku zake zote. Munajua konzo, ule ugonjwa wa kulemaa miguu, ambao munganga Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango: unakuja kwa watu wanaokula siku nyingi mihogo michungu isiyolowekwa vizuri, bila mboga ya nguvu. Kama una mashaka na unga, ulowanishe kwa maji, uutandaze mwembamba juu ya lungo, uukalishe saa 2 katika jua ao saa 5 katika kivuli, sumu itatoka kwa hewa. Upike siku ileile, ukipunguza maji ya mukate.

Juu ya tanuru sitasema mengi, kwa sababu kila mugini una mutu anayejua kuchimba tanuru katika kichuguu. Nataka tu mukumbuke kwamba mukate wa bikarbonati haungojei moto: moto uwake kwanza, maji yamiminwe baadaye. Wa levire unaweza kuungojea.

Pale chini ya muti nimeweka paketi moja ya kilo, haijafunguliwa, na fimbo ya mizani. Wamama waje kwanza na mikebe yao, mumoja mumoja. Baba mwenye musumari na nyundo akae karibu nami, tupige alama.